Bunduki ya Marehemu Iuzwe Lini?



Siku chache zilizopita tulialikwa kwenye kikao cha familia moja hapa hapa Msasani, katika arobaini ya mzee ambaye wengi wenu mlimfahamu, ingawa hatutamtaja jina. Ujanani mwake aliajiriwa katika idara ya wanyama, akawa mtu wa porini kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kujenga kibanda chake huku kwetu karibu na wavuvi. Sisi tuliitwa kwa sababu mbili. Kwanza tulikuwa rafiki wa marehemu. Pili, wawili kati ya watoto wake watatu tuliwafundisha darasa la saba, na mtoto uliyemfundisha hukuita Mwalimu hata akiwa na mvi kukuzidi.

Mali ya marehemu haikuwa na ugomvi. Nyumba ni ya mama yao mpaka Mungu atakapomwita. Shamba la mikorosho huko Masasi wamekubaliana lisiuzwe. Ugomvi ulikuwa juu ya kitu kimoja tu, nacho ni bunduki. Ni bunduki ya zamani ya Kiingereza, ya mitutu miwili, chuma chake kimechorwa maua madogo madogo, na kitako chake ni cha mti mzuri uliokolea rangi. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini alimwachia alipokuwa akirudi kwao baada ya Uhuru, naye marehemu akaimiliki kwa kibali maisha yake yote.

Kifungua mimba alisema isiuzwe sasa. Amesikia kwamba bunduki za namna hiyo hutafutwa Ulaya na Marekani na watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, na kwamba kila mwaka bei hupanda. "Tukiiweka miaka kumi," alisema, "itasomesha wajukuu." Kitinda mimba alisema iuzwe kesho, kwa kuwa mama yao ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili na hawezi tena kusoma kitabu chake cha sala. Dada yao wa katikati, ambaye ni mwana-Umoja wa Akina Mama, alisema yeye hataki pesa zake wala haitaki bunduki yenyewe. Itiwe kwenye ngalawa ikatupwe baharini nje ya Bongoyo.

Basi wakatugeukia. "Mwalimu, wewe wasemaje?"

Kabla hatujafungua kinywa, mjukuu wa miaka 9 aliyekuwa ameketi kizingitini akadakia kwa furaha, kama mtoto anayejua jibu darasani: "Babu, mimi naijua inapolala! Iko chini ya kitanda cha Bibi. Niliwaonyesha wenzangu."

Kikao kizima kilinyamaza. Tulisikia mawimbi.

Usiku ule hatukutoa jibu la swali lao. Tulisema tu kwamba bunduki hiyo haitalala tena chini ya kitanda kile, na asubuhi yake kifungua mimba, pamoja na mjumbe wa serikali ya mtaa, waliipeleka kituo cha polisi. Lakini swali lenyewe limetufuata mpaka nyumbani. Mtu aliye na kitu cha thamani, ambacho thamani yake huongezeka kwa kukaa, ajuaje kwamba saa ya kukiuza imefika? Na je, ikiwa kitu hicho ni silaha, jibu linabadilika? Tunawaandikia haya kwa sababu tunaamini kwamba ndani ya nyumba zetu wengi tunalo swali hili, hata kama chini ya kitanda chetu hakuna bunduki bali kuna hati ya kiwanja.

Sheria kwanza

Tuanze na lisilo na mjadala. Nchi yetu inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kibali cha silaha hupewa mtu, hakipewi nyumba wala ukoo. Mwenye kibali akifariki, bunduki haimwendei mrithi kama vile kiti au godoro. Yapasa ipelekwe polisi itunzwe huko, mpaka ijulikane ni nani ataimiliki kwa kibali chake mwenyewe, au atauziwa nani aliyekwisha kuruhusiwa. Wengi huchelewa kwa msiba, wengine kwa woga, wengine kwa kutojua. Serikali inalifahamu jambo hili, na ndiyo maana mwaka 2023, kwa mfano, ilitoa nafasi ya msamaha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Oktoba, ili watu wasalimishe kwa hiari silaha wasizokuwa na haki nazo.

Twasema haya si kwa kuwatisha. Twasema kwa sababu mtu aweza kukaa mwaka mzima akitafakari bei ya kitu, huku mtoto wa miaka 9 anakionyesha kwa wenzake. Swali la lini tuuze halina haki ya kuanza kabla ya swali la kitu hicho kimelala wapi usiku huu.

Kwa nini kitu cha kale hupanda bei

Kifungua mimba hakudanganywa. Ni kweli kwamba ziko bunduki za kale zinazouzwa kwa fedha za kushangaza. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909. Miongoni mwa silaha alizokuja nazo ilikuwemo shotgani ya mitutu miwili, na mwaka 2010 shotgani hiyo iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 862,500. Mwaka 2021 bastola iliyomwua mhalifu mmoja mashuhuri wa huko, aliyeitwa Billy the Kid, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Chuma ni kilekile ambacho fundi wa Keko angekuuzia kwa kilo. Kilicholipiwa si chuma. Kililipiwa kisa.

Tukichunguza zaidi tutaona kwamba bei ya vitu hivi husimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni uchache. Marekani ilipopiga marufuku mwaka 1986 raia kuuziwa bunduki mpya za rashasha, zile zilizokwisha kuandikishwa kabla ya hapo zikawa hazizaliwi tena, na bei zake zikapaa. Figa la pili ni hali ya kitu chenyewe, kama kimetunzwa au kimeliwa na kutu. Figa la tatu ni kumbukumbu, yaani kuwepo mtu anayekijua kisa chake na kukipenda.

Sasa angalieni jinsi mafiga hayo yalivyo mepesi. Uchache hutegemea sheria, na sheria hubadilishwa kwa siku moja bungeni. Hali ya kitu huku kwetu Msasani sote twaijua: upepo wa bahari unakula mabati, unakula nondo, unakula hata cherehani iliyofunikwa. Bunduki iliyofungwa shuka chini ya kitanda haiwezi kuvumilia miaka kumi ya chumvi. Na kumbukumbu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtu hununua kwa bei kubwa kile alichokitamani utotoni. Kizazi kile kikiondoka, wajukuu zao hutamani kingine. Ni nani leo, miongoni mwa vijana wetu, atakayelipa fedha kwa santuri za gramafoni ambazo baba zetu walizifungia sandukuni?

Basi tusidanganyane kwamba kungoja ni kupata. Kungoja ni kucheza mchezo ambao upande mmoja yupo mtu wa Msasani asiyejua soko liko wapi, na upande wa pili wapo watu wanaolijua soko hilo kwa maisha yao yote.

Je, kungoja ni dhambi?

Mtu asije akatuelewa vibaya akadhani tunasema kungoja ni kosa. Lugha yetu yenyewe haikukata shauri hilo. Inatuambia subira huvuta heri, kisha inatugeuka na kutuambia ngojangoja huumiza matumbo. Hata Maandiko yanatupa watu wawili waliojaza ghala. Wa kwanza ni Yusufu kule Misri, katika kitabu cha Mwanzo, aliyekusanya nafaka miaka saba ya neema akaingoja njaa. Wa pili ni yule tajiri katika Injili ya Luka sura ya 12, aliyeazimia kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku uleule roho yake itatakwa. Ghala ni ghala, na nafaka ni nafaka. Kwa nini basi mmoja anaitwa mwenye hekima na mwingine mpumbavu?

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alizoea kusema kwamba ukitaka kuzitofautisha hesabu mbili zinazofanana, usitazame jibu, tazama swali. Yusufu alikuwa akijiuliza: wakati ukifika, nani watakula? Yule tajiri alijiuliza: wakati ukifika, nitakula nini? Yusufu aliwangojea wengine. Tajiri alijingojea mwenyewe.

Lakini hapa yatubidi tuseme na la kwetu wenyewe, maana mwalimu anayewaonya wengine bila kujionyesha kidonda chake hasikilizwi.

Mwaka 1983 tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya kijiji chini ya milima ya Usambara. Wakubwa mtaukumbuka mwaka ule. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, na mwezi Machi ulianza msako wa wahujumu uchumi chini ya hayati Waziri Mkuu Sokoine. Watu walitupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Sisi hatukuwa na duka, wala hatukuwa na la kutupa. Tulikuwa na magunia 6 ya mahindi ya shamba letu wenyewe, tuliyoyalima kwa jasho letu, yakiwa darini. Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye watoto wanne. Alikuja jioni moja akaomba debe moja la mkopo, akaahidi kulipa mavuno yajayo. Tulimjibu kwamba hatuna. Kwa kweli tulikuwa tunangojea bei ya Februari.

Februari ikaja na bei ikaja. Tuliuza vizuri, tukanunua redio. Mtoto wa kiume wa yule mama aliacha kuja shule kipindi hicho, kwa kuwa alikwenda kuokota vibarua mashambani ili wenzake wale. Nasi kwa mkono wetu tulimwandika katika daftari la mahudhurio: mtoro.

Hakuna msako uliotukamata. Mahindi yalikuwa yetu. Hata leo mtu akitushtaki mbele ya hakimu tutashinda kesi. Lakini redio ile, iliyokwisha kuharibika siku nyingi, hatujaweza kuitupa, na kila tunapoiona tunajua kwamba gharama ya kungoja kwetu haikulipwa na sisi. Ililipwa na mtoto wa darasa la tano.

Hiki basi ndicho kipimo cha kwanza tunachokitoa. Yeyote anayengojea bei, asijiulize tu atapata kiasi gani. Ajiulize: kungoja huku kunalipiwa na nani? Katika nyumba ile ya Msasani jibu lilikuwa limeketi mkekani, likipapasa kikombe cha chai. Kungoja kwa kifungua mimba kulikuwa kunalipwa na macho ya mama yake.

Bunduki si stempu

Tufike sasa kwenye sehemu ngumu. Mtu atasema: mmetufundisha juu ya mahindi na juu ya bei, lakini bunduki ni mali kama mali nyingine. Panga laweza kuua, na gari laua zaidi. Kisicho na moyo hakina dhambi.

Hoja hii ina kweli ndani yake, na hatutaki kuidharau. Marehemu kwa bunduki ile aliwafukuza tembo katika mashamba ya watu, na nyati aliyepigwa kwa amri ya serikali aliwapa kijiji kizima kitoweo. Sisi wenyewe tulishika bunduki katika Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wa rika la kaka zetu walizishika mwaka 1978 na 1979 kuirudisha Kagera. Wengine wao hawakurudi. Hatuwezi kusimama leo tukasema chuma kile kilikuwa najisi.

Lakini historia ya nchi hii inatuambia jambo kuhusu uuzaji wa silaha, na sisi Waanglikana hatuna ruhusa ya kulisahau. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki zao za kushindilia baruti kwa mbele, yakachukua mpya za kutilia risasi kwa nyuma. Wakabaki na marundo ya bunduki kuukuu. Wafanyi biashara wakajua hasa saa ya kuziuza na mahali pa kuziuza. Zilikuja Zanzibar na pwani yote, zikapanda bara, nasi tukaziita magobore. Mwaka 1888 mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba kila mwaka ziliingia bunduki kati ya 80,000 na 100,000. Kwa mwenye kuuza, hapakuwa na wakati mzuri zaidi ya huo. Bei ilikuwa nzuri na wanunuzi walikuwa wengi.

Zililipiwa kwa nini? Kwa pembe za ndovu, na kwa watu. Aliyekuwa na magobore ishirini alikiteka kijiji kilichokuwa na mikuki, akawauza wenyeji wake, akanunua magobore arobaini. Wamasasi walio katika mtaa wetu wanajua kwamba Kanisa lao lilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipowapeleka huko watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa ni watu ambao hapo nyuma mtu fulani aliwauza kwa saa iliyompendeza. Na kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, linasimama pale penye soko lililofungwa mwaka uleule.

Ilipofika mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakapatana kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe Afrika katika eneo kubwa, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Wengine walisukumwa na huruma. Wengine, tuseme kweli, walitaka silaha ziwe mikononi mwao peke yao. Miaka 15 baadaye, katika vita vya Majimaji, babu zetu walisimama na magobore na maji mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Walikufa makumi kwa maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba yalipochomwa.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kama 109,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Hawakufa kwa ukame. Kila tembo aliyepigwa, alipigwa kwa bunduki ambayo wakati fulani ilitoka mkononi mwa mtu kwa bei.

Kwa hiyo tofauti ya bunduki na stempu ndiyo hii. Stempu ukiiuza, habari yake nawe imekwisha. Bunduki ukiiuza, kazi yake yaweza kuwa ndiyo inaanza, na itafanyika mahali ambapo wewe hupo. Anayeuza mahindi ajiulize nani analipa gharama ya kungoja kwake. Anayeuza silaha ana la pili la kujiuliza: ni nani atakayelipa gharama ya kuuza kwangu?

Mgeni wa saa tatu usiku

Swali hili halikubaki la darasani. Juma moja kabla ya arobaini, kitinda mimba alitueleza baadaye, alikuja mtu saa tatu usiku, hata mlango hakuupiga hodi kwa sauti. Akasema amesikia habari za bunduki ya mzee. Alikuwa tayari kulipa mara tatu ya bei aliyoitaja mwenye duka la silaha mjini, fedha taslimu, usiku uleule, pasipo karatasi.

Mama yao haoni. Fedha zile zingemtibu macho na zingebaki. Kitinda mimba alitwambia, bila kuficha, kwamba aliingia chumbani akaishika bunduki, akaketi nayo kitandani muda mrefu. Mwishowe akatoka akamwambia yule mtu kwamba ndugu zake hawajafika. Alituuliza: "Mwalimu, nilikosa? Bado namsikia Mama akipapasa ukuta usiku."

Kijana wetu hakukosa, nasi twataka wote tuelewe kwa nini. Mnunuzi akikupa bei inayopita soko halali, jiulize hiyo ziada anainunulia nini. Chuma ni kilekile na kisa ni kilekile. Ziada ile ni bei ya wewe kunyamaza. Ananunua usimwulize jina, ananunua usimwone uso. Kwa hiyo aliyeuza kwa mtu wa namna ile ameuza vitu viwili, bunduki na ulimi wake, na ulimi hauna wa kuurudisha.

Naye dada yao, aliyetaka itupwe baharini, ana moyo safi, lakini tulimwambia kwamba hata hilo halikutosha. Kutupa ni kunawa mikono kama Pilato. Wavuvi wetu huvua hata wasichokitega, na kitu kilichoandikishwa kwa jina la marehemu kikipotea, polisi watamwuliza mjane wake. Anayetaka silaha isifanye kazi tena ana njia iliyo wazi: aisalimishe serikalini, apewe hati yake.

Heshima ya baba

Limebaki neno moja alilolisema kifungua mimba, na tunadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake kuliko bei. Alisema: "Nikiiuza, Baba atakuwa amekwisha."

Nabothi alikataa kuuza shamba la mizabibu la baba zake hata mbele ya mfalme, na Maandiko hayamlaumu. Viko vitu visivyouzwa. Lakini shamba la Nabothi lilizaa, likalisha. Watoto hawa tayari wanayo mikorosho ya Masasi, na hiyo wamekubaliana isiuzwe. Hiyo ndiyo shamba la Nabothi. Bunduki si baba yao. Baba yao ni yule aliyewaamsha kwenda shule. Apigwe picha yake na bunduki yake, iandikwe hadithi ya kazi yake kwa mkono wa wajukuu wakati bibi yao yu hai wa kuisimulia. Vilevile wapo watu wenye kutunza silaha za kale kwa ajili ya wote. Mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915, iliendelea kupigana na kuua. Leo mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa kwenye Ngome ya Yesu, na watoto wa shule hupanda juu yake. Silaha imepata kustaafu, kama sisi walimu.

Tulivyojibu

Basi baada ya majuma mawili tulirudi katika nyumba ile, tukatoa jibu letu. Tulisema kwamba saa ya kuuza haisomwi kwenye bei peke yake. Imefika pale ambapo yupo mhitaji anayelipa gharama ya kungoja kwetu, na yupo mnunuzi ambaye hatuoni haya kulitaja jina lake mbele ya watu. La kwanza likiwepo bila la pili, tusiuze, bali tutafute njia nyingine ya kumsaidia mhitaji. La pili likiwepo bila la kwanza, twaweza kungoja bila dhambi, mradi tusiabudu tunachokingoja.

Kwa hiyo macho ya mama yao yasingojee bunduki. Mirathi huchukua miezi, na mnunuzi mwenye kibali hapatikani kwa siku moja. Watoto walichangishana, kifungua mimba akauza pikipiki yake ya pili, akina mama wa Umoja wakaongeza, na jicho la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji. La kushoto litafuata. Mirathi ikishakamilika, bunduki itauzwa kwa mwenye kibali kwa bei ya haki, hata ikiwa ndogo kuliko ile ya magazeti, au ikikosa mnunuzi wa namna hiyo itasalimishwa.

Hatutaki kuwapamba. Kifungua mimba bado anaona tumemponza, kwamba tumeuza urithi wa wajukuu kwa hofu. Labda baada ya miaka kumi bei itakuwa imepanda mara mbili, naye atatuonyesha. Hatuna la kumbishia. Tulimwambia tu kwamba alipouza ile pikipiki hakumwuliza mtu kama bei yake ilikuwa imefika kileleni. Aliangalia macho ya mama yake, akajua saa.

Tulipokuwa tunaondoka jioni ile, yule mjukuu alitusindikiza mpaka barabarani. Akatuuliza bunduki ya babu yake sasa inalala wapi. Tulimwambia inalala polisi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na Bibi atalala vizuri."

Bwana awe nanyi.